Re: Majibu ninayo, mwili ndio unaniangusha kwenye usaili

Pole, ndugu. Unasema mikono inatetemeka, macho yanakimbilia sakafuni, na umesoma kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na toni ya sauti, si maneno. Hiyo asilimia isikutishe. Inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu hisia za kupenda na kutopenda. Usaili wa kazi haukuwamo. Jibu bovu halikombolewi na tabasamu.

Tuanze na mikono, maana ndiyo inayokusumbua. Iweke juu ya meza, vidole vimeshikana kwa ulegevu, na usishike kalamu. Niliwahi kukaa kwenye jopo la usaili, kijana mmoja akawa anabonyeza kalamu yake, ta-ta, ta-ta, mwanzo hadi mwisho. Majibu yake siyakumbuki. Kalamu naikumbuka mpaka leo. Ukiongea, iache mikono icheze kidogo, usiifunge kama mfungwa.

Macho: anza kumjibu aliyeuliza, katikati wagawie wenzake, kisha mrudie yeye unapomaliza. Ukitazama pembeni ukiwa unafikiri, hakuna atakayekulaumu. Kumkodolea mtu macho bila kupepesa ndiko kunakoudhi.

Kabla ya kujibu, toa pumzi taratibu. Sekunde mbili tu. Wewe utaziona ndefu, wao wataona mtu anayetafakari. Mavazi yawe safi, basi.

Halafu jirekodi video kwa simu ukijibu maswali matatu, kisha itazame sauti ikiwa imezimwa. Utajiona mwenyewe, na utacheka.