Barua kwa mwanangu: Mwanahamisi si jina la kizee

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unasema mtoto ni wa kike, unataka kumpa jina la marehemu bibi yako, Mwanahamisi, lakini mwenzio anaona limechakaa na mtoto atachekwa shuleni. Ukaniuliza: hivi majina ya zamani huwa yanarudi, au yakishapita yamepita? Yanarudi, lakini si yote, na mengi hurudi yamebadilishiwa nguo. Jibu ni refu kidogo, kaa chini usome.

Nianze na wenzetu wenye hesabu iliyoandikwa. Marekani wana orodha ya serikali ya majina ya watoto, mwaka kwa mwaka, kuanzia 1880. Mwaka huo Emma lilikuwa la tatu kwa wasichana. Likashuka taratibu, miaka ya 1970 likawa jina la vikongwe, halafu 2008 likashika nafasi ya kwanza, na kuanzia 2014 hadi 2018 likaikalia tena. Hazel lilitoka kabisa kwenye majina 1,000 ya juu miaka hiyo ya 1970, likarudi 1998. Uingereza, Arthur liliingia kumi bora mwaka 2018, mara ya kwanza tangu miaka ya 1920. Lakini Linda, lililoongoza Marekani mwaka 1947, na Jennifer, lililoongoza kuanzia 1970 hadi 1984, bado yamelala. Kina Linda na kina Jennifer wako hai, ni mama na bibi za watu, kila mtu anamjua mmoja anayegombana na jirani. Jina linaanza kupendeza tena pale ambapo hakuna aliyebaki wa kulikumbuka likikohoa. Kwao hilo huchukua kama miaka 100.

Kwetu ni mapema zaidi, kwa sababu ya usomo, yaani mtoto kupewa jina la mzee wake. Chukua majina matatu kama tunavyoandikishwa: la mtu mwenyewe, la baba, la babu. Ukikutana na Juma Hamisi Juma, umeuona mtambo mzima. Juma mkubwa alimzaa Hamisi, Hamisi akamrudishia baba yake jina kwa mtoto wake, na huyo Juma mdogo akizaa mwana, Hamisi anaingia tena. Jina linaruka kizazi kimoja, miaka 50 au 60, kisha linashuka. Wakikuyu wana utaratibu mkali zaidi: mvulana wa kwanza babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi. Kwa hiyo Kamau na Wanjiku hayajui kuzeeka. Kinachomtaja Mkikuyu umri wake ni lile jina la ubatizo la mbele. Gladys Wanjiku unamjua ni wa rika langu, Tiffany Wanjiku ni wa rika lako au la wanao.

Yapo majina yasiyorudi kirahisi, na ni vizuri muyajue msije mkalichanganya la bibi nayo.

Kwanza ni ya tukio. Waliozaliwa karibu na Februari 1967, wakati wa Azimio la Arusha, wapo wanaoitwa Azimio. Novemba 2008 kule Kisumu walizaliwa kina Barack na kina Michelle. Jina la namna hiyo lina muhuri wa tarehe, ukilisikia unahesabu umri wa mtu papo hapo. Uhuru ndilo limeponyoka kidogo, kwa kuwa neno lenyewe lina maana hata siku isiyo na bendera.

Pili ni ya majonzi: Tabu, Shida, Mashaka, Majuto, Sikujua. Hayo yalikuwa taarifa. Mama alizaa katika dhiki, au baba alifariki mimba ikiwa changa, jina likabeba habari ile. Mengine yalitolewa makusudi mabaya, baada ya watoto kufululiza kufa, ili kifo kimdharau huyu kimpite. Watoto wanapozaliwa hospitali na kuchanjwa, sababu ile imepungua nguvu, na mtoto anabaki na Shida isiyo yake. Kama bibi yako angeitwa Shida ningekushauri umwite mtoto Faraja, maana wahenga walishaliweka jibu tayari, baada ya dhiki faraja, na kila mzee angeelewa ni somo wa nani.

Majina yanayorudi kimyakimya bila watu kugundua ndiyo mengi kuliko yote. Ya Kiarabu, babu zetu waliyavika irabu mwishoni ili yakae kinywani: Zainabu, Ibrahimu, Yusufu, Athumani, Ramadhani. Wazazi wa sasa wanaivua ile irabu. Zainabu anakuwa Zainab, Athumani anakuwa Uthman, Hadija anaongezewa k, Fatuma anakuwa Fatma, Rehema anakuwa Rahma. Wanadhani wamepata jipya kutoka Uarabuni, kumbe ni bibi yao yuleyule kavaa abaya badala ya kanga. Mimi sina ugomvi nalo, ila nasikia raha zaidi ile irabu ikiwepo.

Wakatoliki nao wana mkondo wao. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimtaka padri ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo, na wazazi wakikaidi aliongeza la mtakatifu mwenyewe na kuandika yote mawili kitabuni. Ndiko walikotokea kina Skolastika, Pelagia, Apolinari na Filomena walioko vijijini mpaka leo. Sheria ya 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo, basi Neema, Upendo na Tumaini yakawa na mlango mpana. Hayo hayana ujana wala uzee, kwa kuwa ni maneno tunayoyatumia kila siku. Wamarekani nao wameyapenda ya kwetu: wana Imani, Nia, hata Zuri. Hilo la mwisho hunichekesha. Zuri kitu gani? Jina? Gari?

Sasa Mwanahamisi lenyewe. Mwambie mwenzio kwamba "Mwana" hapo si mtoto. Kwa Kiswahili cha pwani cha zamani ni cheo cha mwanamke wa heshima, bibie, kama Mwana Kupona, yule mshairi wa Pate wa karne ya 19. Mwanahamisi ni bibie wa Alhamisi. Na wiki yetu, ukiichunguza, ina tano mbili: Jumatano ni ya tano ukianza kuhesabu Jumamosi, na Alhamisi ni "ya tano" ya Waarabu, wanaoanza Jumapili. Mtoto akizaliwa Jumanne usihangaike, jina la kurithi halifuati siku. Atakayeuliza mjibu ni somo wa bibi yake, basi.

Kuhusu kuchekwa, mwenzio hajakosea kuogopa, ila ameogopa jina lisilo lenyewe. Lililoumizwa ni Mwajuma. "Mwajuma ndala ndefu" imekuwa kauli ya kumcheka binti wa uswahilini, na jina likishaingia kwenye mzaha wa mtaa husafishika polepole sana. Mwanahamisi limenusurika. Kosa lake ni urefu tu, na hilo lina dawa.

Lijaribuni hivi. Wewe simama jikoni, yeye akae nje, uite kwa sauti mara tatu. Lina silabi tano na mkazo uko kwenye "mi", sauti inapanda inatua, kwa kuita ni jina zuri kuliko mengi mafupi. Kisha litamkeni pamoja na la baba na la babu yake kwa mfululizo, kama mwalimu anavyosoma daftari la mahudhurio. Halafu chagueni kifupi nyinyi wenyewe mapema: Mwana, Misi, Mwanamisi. Msipochagua, watoto wenzake watachagua, na chao kikishashika hakitoki. Mombasa wana Mishi, nalo ni tamu. Na kama nyumbani kwa mumeo lipo katazo la kutamka jina la mkwe, mtamwita Bibi au Somo ndani ya nyumba, jina kamili litangoja shule.

Shida kubwa kuliko kuchekwa ni tahajia, na hapo ndipo watu wengi hulia wakiwa watu wazima. Muuguzi anaandika anachosikia. Mmoja anaandika Mwanahamisi, mwingine Mwanahamis, wa tatu Mwana Hamisi kwa nafasi katikati, na hiyo nafasi inamfanya Hamisi aonekane jina la baba. Miaka 18 baadaye anakwenda NIDA kuomba kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha shule kinasema vile, anatumwa kwa wakili kula kiapo kwamba hao wote ni mtu mmoja, au aandikishe kabisa hati ya kubadili jina. Kwa hiyo andika jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, MWANAHAMISI, neno moja, na majina yenu ya baba na mama kama yalivyo kwenye vitambulisho vyenu, karatasi iingie kwenye mkoba wa kujifungulia pamoja na kanga. Wakikupa tangazo la kizazi, lisome herufi kwa herufi kabla hujatoka wodini. Usiweke alama ya mkato wa juu kati ya Mwana na Hamisi kwa urembo, maana sehemu ya pasi ya kusafiria inayosomwa na mashine huiacha alama hiyo, na hapo tayari una majina mawili. Cheti kifuatilieni RITA, kwa wasajili wa vizazi, ndani ya siku 90, msingoje mtoto aanze chekechea.

Limebaki la adabu. Mtoto wa kwanza mara nyingi upande wa baba hutangulia kutoa jina, na mama mkwe wako yupo hai na ana jina lake. Usimshtukize siku ya saba mbele ya wageni. Nenda mwezi huu, na mumeo, mwambie mnaomba ruhusa bibi yako atangulie kwa kuwa ni marehemu, naye somo wake atakuja. Akisita, yapo majina mawili kwa mtoto mmoja, la cheti na la nyumbani, na wengi wameishi nayo vizuri. Ila la cheti liwe lile mnalotaka aitwe shuleni.

Akikubali, nijulishe tumtafute mbuzi wa akika, wa kumchinjia mtoto. Kwa msichana ni mmoja. Na picha ya hospitali ikiwa imekosea akatoka mvulana, ni wawili, na jina lipo palepale: Hamisi. Khamis yenye k na h ni ya Unguja, sisi wa Tanga tunaandika Hamisi.

Mama yako