Mnaoanza evolusheni na uainishaji, anzeni kwa kufuta neno "ili"

Nawaandikia nyie mnaofungua kwa mara ya kwanza hii topiki ya evolusheni, yaani jinsi makundi ya viumbe yanavyobadilika kizazi baada ya kizazi, na uainishaji, yaani kupanga viumbe kwenye makundi. Nimesahihisha kazi za wanafunzi kwa muda mrefu sasa na makosa ni yale yale kila mwaka, mengine niliyafanya mwenyewe nikiwa mwanafunzi nikakatwa maksi nisielewe kwa nini maana nilikuwa nimekariri noti zote. Kiukweli shida kubwa iko kwenye maneno tunayotumia kuliko kwenye sayansi yenyewe.

Chukua sentensi hii: "twiga ana shingo ndefu ili afikie majani ya juu". Ukiisikia inaonekana iko sawa kabisa, ila hiyo "ili" imeingiza nia sehemu ambayo hakuna aliyekuwa na nia. Hakuna twiga aliyepanga kurefuka. Ukitaka kuielewa irudishe kwenye historia: kwenye kundi la mababu zake walikuwepo wenye shingo ndefu kidogo na wenye fupi kidogo, tofauti hiyo ilikuwa ya kurithi, wenye ndefu wakaacha watoto wengi zaidi, na hivyo hivyo kizazi baada ya kizazi. Kwa nini hao ndio walifaulu? Hapo wataalamu bado wanabishana, wapo wanaosema ni majani na wapo wanaosema ni madume wanavyopigana kwa shingo. Unaona sasa, "ili" ilikuwa imekufungia swali zuri kabla hujaliuliza.

Neno la pili la kuogopa ni "kuzoea". Watu wanasema bakteria wamezoea dawa, wengine wanasema kabisa mwili ndio umezoea. Hapana. Bakteria wapo mamilioni na wanagawanyika haraka, wengine wanaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi wakipata mazingira mazuri, na kila wanaponakili DNA, yaani yale maelekezo ya kurithi yaliyo ndani ya seli, makosa madogo madogo yanatokea. Anaweza kutokea mmoja ambaye kosa lake linamfanya dawa isimuue, au akapokea jeni (kipande cha DNA) ya usugu kutoka kwa bakteria mwenzake. Dawa ikija inaua wengine, yeye anabaki na nafasi yote ni yake, kesho yake kundi zima ni uzao wake. Hakuna bakteria aliyejifunza kitu, ni hesabu ya nani kabaki. Kiumbe mmoja mmoja hafanyi evolusheni, kundi ndilo linalobadilika, hii naomba muiandike kwa wino mwekundu.

Mfano ambao ulinifungua macho mimi ni wa wale chiriku, ndege wadogo wanaokula mbegu, wa kisiwa cha Daphne Major huko Galápagos, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Wanabiolojia Peter na Rosemary Grant, mume na mke, walianza kuwapima ndege wa pale mwaka 1973, mdomo kwa mdomo, ndege kwa ndege. Mwaka 1977 ukame ukapiga, mbegu ndogo laini zikaisha zikabaki kubwa ngumu, chiriku wengi sana wakafa na waliobaki wakawa zaidi wale wenye midomo minene. Watoto waliozaliwa baadaye nao wakawa na midomo minene kuliko kizazi cha kabla ya ukame. Tofauti yenyewe ni kama nusu milimita tu! Halafu mwaka 1983 mvua kubwa zikaja, mbegu ndogo zikajaa na miaka iliyofuata ikawa zamu ya wenye midomo midogo kufaulu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema evolusheni ni kupanda ngazi kwenda kwenye ubora, mkumbushe hawa ndege, bora ya mwaka wa ukame sio bora ya mwaka wa mvua.

Uainishaji sasa. Wengi wanaanza kwa kukariri ngazi za makundi kuanzia kubwa hadi ndogo, himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi, sawa zijue maana mtihani utauliza, ila usikae hapo wiki nzima. Soma uainishaji kama ukoo. Swali sio nani anafanana na nani, swali ni nani na nani wana babu wa karibu zaidi. Pimbi ukimwangalia utasema huyu ni ndugu wa sungura, kumbe ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Mamba yuko karibu na kuku kuliko alivyo karibu na mjusi. Uyoga uko karibu na sisi wanyama kuliko mimea. Na kamongo, yule samaki mwenye mapafu, yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na sato, maana babu mnayeshirikiana wewe na kamongo aliishi baadaye kuliko babu mnayeshirikiana nyote na sato. Hiyo ya mwisho isome mara mbili halafu chora matawi yake mwenyewe kwenye karatasi, usinakili ya mtu.

Kwa hiyo maneno yetu ya kila siku yaache nje ya daftari. "Mdudu" kwetu ni nzi, buibui, jongoo, mpaka vijidudu vya ugonjwa, wakati kibaolojia hapo mdudu ni nzi peke yake. Hata Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka msingi wa uainishaji, mwaka 1735 aliwaweka nyangumi kwenye samaki, akaja kuwahamishia kwa wanyama wanaonyonyesha kwenye toleo la kitabu chake la 1758, kwa hiyo ukikuta kitabu kipya kimehamisha kiumbe usikasirike, uliza ni ushahidi gani umemhamisha.

Na lile swali utakaloulizwa na kila mtu ukishaanza kusoma haya, "kama tulitokana na sokwe mbona sokwe bado wapo?" Jibu kwa lugha ya ukoo hiyo hiyo: sokwe ni binamu yetu, sio babu yetu. Babu wa pamoja aliishi kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, hakuwa sokwe wa leo wala mtu wa leo, na wewe kuwepo hakujawahi kumzuia binamu yako naye kuwepo.