Kwa wanaoanza kazi ya kutembeza wageni kwenye nyanda za nyasi fupi, kusini mwa Serengeti

Ukipangiwa Ndutu au upande wa Gol kwa mara ya kwanza, usianze na simba. Anza na udongo. Maswali mawili yanayoulizwa zaidi pale, mbona hakuna miti na nyumbu wamekwenda wapi, yote majibu yake yako ardhini.

Nyanda hizi zimefunikwa na majivu ya volkano yaliyopeperushwa na upepo kutoka milima kama Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Majivu hayo yana chokaa nyingi. Mvua ni chache, kwa hiyo maji hayazami mbali. Chokaa inayoyeyuka huishia njiani na kuganda kuwa tabaka gumu kama saruji, aghalabu ndani ya mita moja tu kutoka juu. Mizizi ya mgunga haipenyi. Tafuta ukingo wa korongo uliomeguka, utaliona tabaka hilo jeupe, na umwonyeshe mgeni palepale. Mvua nayo ina sababu yake: nyanda za juu za Ngorongoro hukinga mawingu, hivyo kusini-mashariki hupata milimita 500 hivi kwa mwaka, wakati kaskazini-magharibi hupita 1,000.

Majivu hayohayo ndiyo yanayowaleta nyumbu. Nyasi zake zina kalisi, fosforasi na sodiamu kwa wingi, na hayo ndiyo madini anayohitaji jike anayenyonyesha. Tena ni fupi, simba hana pa kujificha. Lakini mvua ikikata zinakauka upesi, na maji yanayobaki Ziwa Ndutu ni ya magadi. Kwa hiyo usimwahidi mtu tarehe. Kusema "wanaondoka Mei" ni kujitafutia lawama, maana hata Februari kukiwa na ukavu wa wiki chache kundi linaweza kusogea msituni, kisha likarudi mvua ikinyesha. Fuatilia mvua imenyesha wapi juzi, si kalenda.

Ndama wengi huzaliwa kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi, na wengi wao ndani ya wiki chache tu. Ndama husimama dakika chache baada ya kuzaliwa. Rangi yake ya kwanza ni kahawia mpauko. Huanza kuwa mweusi akikaribia miezi miwili. Ukimwona ameshakolea, huyo si wa wiki hii.

Swala tomi na granti huwachanganya karibu wote wanaoanza, kwa sababu wamefundishwa kutazama mstari mweusi wa ubavuni. Mstari huo unadanganya: granti jike au mdogo anaweza kuwa nao pia. Tazama matakoni. Kwa granti, weupe hupanda juu ya mkia hadi mgongoni; kwa tomi huishia chini ya shina la mkia, na mkia wenyewe ni mweusi usiotulia.

Kuhesabu kufanyike mapema, tangu saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi. Baada ya hapo mazigazi huinua miguu ya wanyama na kuunganisha makundi mawili kuwa moja. Zima injini, hesabu mia moja kwa makini, angalia hao mia wamechukua nafasi gani, ndipo upime kundi zima kwa kipande hicho. Wanaokisia kwa jicho tupu huelekea kupunguza makundi makubwa. Andika pia ulipopita bila kuona kitu; sifuri nayo ni taarifa.

Kwa duma, usisimame kati yake na swala, wala kati ya mama na watoto. Yeye huwinda mchana, na wakati mwingine fisi humnyang'anya mawindo. Msongamano wa magari unamharibia nafasi ndogo aliyonayo. Ndani ya hifadhi mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa. Kuhusu kutoka barabarani, ulizia sheria za upande uliopo kabla ya kugeuza usukani.

Kingo za ziwa zinaonekana kavu, lakini chini ya ganda la magadi kuna tope. Beba koleo na jeki ndefu, na ubao mpana wa kuweka chini ya jeki. Bila ubao, jeki inazama na gari linabaki palepale.

Kiangazi wageni hulalamika kwamba uwanda umekufa. Granti hubaki, kwa kuwa hustahimili muda mrefu bila kunywa. Jua likikaribia kuzama tafuta mbweha masikio: husimama, huinamisha kichwa, husikiliza, kisha hupiga pua chini ghafla. Anakula mchwa wanaokata nyasi. Kaa mbali naye, zima redio, na utamwona akihama hatua mbili tatu na kuinamisha kichwa tena.