Anajificha Chini ya Meza Wimbo wa Keki Ukianza

*Shangazi, binti yangu anatimiza miaka mitano mwezi ujao. Mwaka jana tulipoanza kumwimbia alijificha chini ya meza, akalia mpaka wageni wakaaga. Nyumbani ni mcheshi, anaimba kutwa, ila akitazamwa na watu wengi anaganda. Mama mkwe anasema nimemdekeza, maana hata shikamoo hatoi wageni wakifika. Na chekechea wamempangia kukariri shairi kwenye mahafali, zimebaki wiki sita. Nimlazimishe au nimwache? Mama wa Tabata.*

Mama wa Tabata, pole. Usimlazimishe, wala usimwondolee kila kitu.

Hilo la kudekeza liweke kando. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Marekani aliwaonyesha watoto wachanga wa miezi minne vitu vigeni na kuwasikilizisha sauti ngeni. Takriban mmoja kati ya watano alirusha miguu na mikono na kulia sana, na kundi hilo ndilo lililoelekea zaidi kuwa na woga wa watu na mambo mapya baadaye. Kwa miezi minne hakuna aliyekwisha kudekezwa. Mtoto huja na tabia yake. Kazi yetu ni kumzoesha polepole.

Tazama wimbo wa keki kwa macho yake. Watu ishirini wamemzunguka, simu juu, makofi, naye hana la kufanya mpaka wimbo uishe. Hapo ndipo anapobanwa: macho yote kwake na mikono mitupu. Basi mpe kazi. Alika watoto watano au sita, sherehe iwe saa moja na nusu. Badala ya keki moja kubwa, oka ndogondogo za vikombe vya karatasi, kila mtoto apate yake yenye mshumaa, wapulize wote kwa pamoja mkiwa karibu. Kisha yeye azungushe sahani ya vitafunio. Siku moja kabla, muulize: tukuimbie asubuhi sisi wa nyumbani tu, tuimbe kwa sauti ya chini, au tusiimbe? Atakachochagua kiheshimiwe. Picha pigeni kabla wageni hawajafika. Kumwagia maji kusiwepo kabisa.

Kuhusu shikamoo, mama mkwe ana haki ya kudai adabu, ila mlangoni si pahali pake. Mpe mtoto dakika kumi azoee sura ya mgeni, kisha achague moja: aamkie mwenyewe, aamkie pamoja nawe, au atoe mkono tu. Moja lazima lifanyike kabla mgeni hajaaga. Bibi mwambie kwa upole, mkiwa wawili: "Mama, naomba tumwache kidogo, atakuamkia mwenyewe." Na ninyi nyote acheni kusema "huyu ana aibu" akiwa anasikia. Mtoto wa umri huo akiitwa hivyo kila siku, anaona ndiyo kazi yake.

Sasa mahafali. Wiki hii hii nenda kwa mwalimu, umwombe shairi ligawanywe kwa watoto watatu, binti yako apate ubeti mmoja, na asimame katikati, siyo pembeni karibu na spika. Nyumbani mpandishe ngazi moja baada ya nyingine, kila ngazi siku tatu nne. Aanze kumsomea mdoli. Kisha akusomee wewe ukiwa umempa mgongo, unachambua mchele. Kisha unamtazama. Kisha na baba yake, kisha na binamu wawili, halafu darasani kukiwa hakuna mtu, mwisho na wenzake ukumbini. Asipande kabla hajafanya ngazi hiyo mara mbili bila sauti kufifia. Akikwama, rudini moja nyuma, bila lawama.

Kinachoharibu zaidi ni furaha yetu wenyewe. Anasoma vizuri mbele ya baba, jioni hiyo hiyo jirani anaitwa: "Hebu rudia, shangazi asikie!" Ameruka ngazi tatu bila kuulizwa, na kesho hata mdoli hamsomei. Zawadi kubwa ya siku ya jukwaa nayo humwongezea mzigo. Joho na kofia avivae nyumbani mapema, vikikuna vitengenezwe. Maikrofoni aijaribu kabla, maana sauti yake ikitoka kwenye spika kubwa inaweza kumshtua.

Siku yenyewe fikeni nusu saa kabla, ukumbi ukiwa bado kimya. Kaa pale mlipokubaliana, na simu iweke chini: anahitaji kuuona uso wako. Akiganda, mwalimu amnong'onezee neno la kwanza. Asipoendelea, wenzake wamalizie naye abaki kwenye mstari. Kusimama pale kunahesabika.

Kuna dalili moja usiingoje mahafali. Ikiwa mwezi wa kwanza wa shule umepita na kwa zaidi ya mwezi mwingine bado hasemi neno darasani, hata kuomba kwenda chooni, mwone daktari wa watoto au mwanasaikolojia. Akiwa nyumbani haitiki hata akiitwa kutoka nyuma yake, apimwe masikio kwanza.

Mkiwa kwenye bajaji ya kurudi, usimuulize kwa nini hakusema kwa sauti. Mwambie kitu kimoja ulichokiona kweli: "Nilikuona ulivyomshika mwenzako mkono mlipopanda."