Mshiriki alisema kweli maneno yale?

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha tatu. Usiku hataki kuangalia kitu kingine zaidi ya vipindi vya washiriki wanaofungiwa nyumba moja. Wiki iliyopita mshiriki mmoja alisikika akisema anamchukia mwenzake, na tangu siku hiyo binti yangu na rafiki zake wanamtukana mitandaoni. Nikimwambia haya mambo yanatengenezwa, ananijibu: "Mama, si amesema mwenyewe?" Je, mtu anaweza kuwekewa maneno mdomoni? Nitajuaje? — Mama, Morogoro

JIBU: Anaweza, mama yangu. Mimi ni mhariri wa picha na sauti, na niliwahi kufanya hivyo kwa mikono yangu nikiwa kijana kazini. Sitarudia.

Chukua mfano. Mshiriki anasema: "Siwezi kusema namchukia Asha, tumetoka naye mbali." Mhariri anakata mwanzo, anakata mwisho, zinabaki sekunde mbili: "namchukia Asha." Hakuna neno la kutungwa hapo. Kiswahili kinarahisisha mno kazi hiyo, kwa sababu "namchukia" peke yake ni sentensi kamili: ina mtenda, ina wakati, ina mtendewa. Kinachobaki ni kuficha mdomo. Sauti inaendelea huku sisi tukionyeshwa sura ya Asha amekunja uso, na sura hiyo huenda ilipigwa asubuhi, alipokuwa akibishana na mtu mwingine kuhusu sukari.

Kwa hiyo mfundishe binti yako kusikiliza kwanza, kuangalia baadaye. Mswahili anapomaliza usemi huvuta silabi ya pili kutoka mwisho, kisha sauti inashuka na kutulia. Neno lililong'olewa katikati ya sentensi halina mvuto huo. Linakatika juu juu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Sikiliza pia mazingira: feni iliyokuwa ikivuma nyuma ya mazungumzo inatoweka ghafla kwa neno moja, kisha inarudi. Na maneno makali yakija wakati mdomo wa msemaji hauonekani, yashuku. Sisemi kila mara ni uongo, maana wapo wanaotukana kweli, tena uso kwa uso na kamera.

Ukiacha kuunganisha sauti, kuchagua kwenyewe kuna nguvu kubwa. Big Brother, iliyoanzia Uholanzi mwaka 1999 na kuja kwetu kama Big Brother Africa mwaka 2003, iliwafungia washiriki mbele ya kamera saa 24. Muhtasari wa jioni unaotokana na saa hizo ni mfupi mno. Mtu aliyepika, akaosha vyombo, akamfariji mwenzake na kugomba mara moja, anaweza kuonekana kwenye muhtasari akigomba tu.

Mwaka huohuo wa 2003 wabunge wa Malawi walipiga kura kuizuia televisheni ya taifa isirushe kipindi hicho, kwa hoja ya maadili. Tangu hapo mabishano yetu mengi yamekuwa juu ya mavazi ya washiriki na kuoga kwao mbele ya kamera. Mimi naona tumemsahau mhariri, wakati yeye ndiye anayetuamulia tumpende nani na tumchukie nani.

Chuki hiyo haiishii kwenye skrini. Mshiriki akitoka ndani anakuta mtaa mzima unamjua kwa tabia aliyopewa kwenye chumba cha kuhariria. Kwa wengine ni mlango wa heri: Mtanzania Idris Sultan alishinda Big Brother Africa mwaka 2014, akapata dola 300,000, na jina likamfungulia uchekeshaji na uigizaji. Yule ambaye mimi nilimkata sentensi yake alisimangwa sokoni na watu asiowajua. Alikuja kuniuliza kwa upole kwa nini sikuacha maneno matano yaliyofuata. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Usimpigie binti yako marufuku. Jirekodi kwenye simu yake ukisema, "Siwezi kusema namchukia shangazi yako, ni ndugu yangu." Mpe aikate mwenyewe, programu za kukatia sauti zipo za bure na vijana wanazijua kutuzidi. Akishasikia sauti ya mama yake ikisema jambo ambalo mama hakulisema, ndipo umuulize tena habari za yule mshiriki.