Maswali ya Nyumba na Umeme: Cheti, Mita na Bati

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu anayenunua au kupanga nyumba atajuaje itamlia umeme kiasi gani kabla hajaingia? Tumejibu tano.

Kaka yetu, marehemu, alituachia fleti mjini Leicester. Ndugu tulioko huku tumekubaliana ipangishwe, lakini wakala wa huko anasema hawezi kuitangaza bila cheti cha nishati. Je, ni kweli, au anatafuta njia ya kututoza? Nani atashughulikia wakati sote tuko Moshi? — Msomaji, Shanty Town

Poleni sana kwa msiba. Wakala anasema kweli. Kwa England na Wales, nyumba haitangazwi kuuzwa wala kupangishwa kabla cheti hicho, kiitwacho EPC na kinachoipa nyumba daraja la matumizi ya nishati, hakijaagizwa, na anayepuuza hutozwa faini ya pauni 200.

Hata hivyo, msilipe chochote kabla ya kutazama kama cheti kipo tayari. Rejesta yake iko wazi mtandaoni, bure. Mnaandika msimbo wa posta, mnachagua anwani, mnaona daraja la nyumba na tarehe ya cheti kuisha. Cheti hudumu miaka 10, kwa hiyo kama marehemu alinunua fleti hiyo ndani ya muda huo, huenda kingali hai na kinatosha.

Kama kimeisha, wakala atamwita mkaguzi aliyeidhinishwa na kumfungulia mlango. Si lazima mmoja wenu asafiri. Bei kwa kawaida ni kati ya pauni 60 na 120, na kazi ya fleti huisha ndani ya saa moja hivi. Ombeni bei kwa wakaguzi wawili watatu, maana mnaruhusiwa kumtafuta wenyewe. Wakala akiongeza chake juu, mtaona.

Sasa sikilizeni jambo linalowaponza wengi. Mkaguzi hatoboi ukuta wala hafumui sakafu. Anapima vyumba, anatazama madirisha, boila, tangi la maji moto, taa na swichi za kupasha joto. Asichoweza kukiona wala kuthibitishiwa kwa karatasi, anakikisia kwa umri wa jengo, na makisio hayo mara nyingi huishusha nyumba. Ukuta uliojazwa sufi ya kuzuia baridi miaka 15 iliyopita unaweza kuandikwa mtupu kwa sababu tu risiti haikuonekana. Pekueni makaratasi ya marehemu: dhamana ya kujaza ukuta, cheti cha madirisha ya vioo viwili, risiti ya boila yenye jina na modeli. Mpeni wakala kabla ya siku ya ukaguzi, kwa sababu baada ya cheti kutolewa mtalazimika kulipia kingine.

Madaraja yanaanzia A, ya alama 92 na kuendelea, hadi G, ya alama 20 kushuka chini. Nyumba ya kupangisha inatakiwa isiwe chini ya E, yaani alama 39. Sharti hilo lilianza Aprili 2018 kwa mikataba mipya, na Aprili 2020 likawa kwa mikataba yote ya kupanga. Ikiangukia F au G, mwenye nyumba anatakiwa kuiboresha. Tangu 2019 kuna ukomo wa matumizi wa pauni 3,500 pamoja na VAT, na akiufikia bila nyumba kupanda anaweza kuomba msamaha unaoandikwa kwenye rejesta na kudumu miaka 5.

Msijisumbue kumwambia mpangaji azime hita ili alama zipande. Mkaguzi hatazami bili ya mtu. Anapima jengo kana kwamba ndani yake wanaishi watu wa kawaida wenye matumizi ya kawaida. Kwa fleti, vitu vya bei ndogo vinavyosogeza alama ni taa zote kuwa LED, koti la unene wa milimita 80 kwenye tangi la maji moto, na themostati inayofanya kazi. Fleti inayopashwa joto kwa umeme wa moja kwa moja hupata alama chache kuliko ya gesi, maana alama zinafuata gharama na umeme wa huko ni ghali zaidi.

Nina nyumba ya vyumba vitatu Njiro. Mpangaji anayetaka kuingia ametoka Ujerumani, anaomba cheti cha nishati kama cha kwao. Nakipata wapi hapa Arusha? — Mama mwenye nyumba

Kwao mwenye nyumba anatakiwa kukionyesha siku ya kutembeza nyumba, ndiyo maana anauliza kama jambo la kawaida. Hapa kwetu hakuna sheria inayomdai mwenye nyumba ya kupangisha cheti hicho. Kuna cheti cha hiari kiitwacho EDGE, cha IFC, tawi la Benki ya Dunia, kinachotaka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji, na kinapima pia vifaa vya ujenzi. Hicho kinawafaa zaidi wanaojenga sasa, kwani hesabu yake huanzia kwenye ramani. Kwa nyumba iliyosimama miaka 20, usihangaike nacho.

Mwandalie mpangaji ukurasa mmoja wenye namba za kweli. Anza na manunuzi ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya miezi 12. Jumbe za simu zina tarehe, fedha na uniti. Andika na idadi ya watu waliokuwa wakiishi humo, kwa sababu uniti 180 za watu saba si sawa na uniti 180 za mtu na mkewe. Mwezi wa Januari peke yake hautoshi: Juni hadi Agosti Arusha ni baridi, na hapo ndipo hita ya maji inapokula.

Maji ya kuoga ndiyo roho ya hesabu ya nyumba ya Arusha, kwa hiyo yaeleze vizuri. Shawa ya umeme ya kilowati 4.5 ikiwashwa dakika 10 hutumia uniti 0.75. Watu watano, kila mmoja mara moja kwa siku, ni uniti 112 kwa mwezi. Kwa tarifu ya T1, bei ya mteja wa kawaida, ambayo ni shilingi 292 kwa uniti na ikijumlishwa VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356, hiyo ni shilingi 40,000 ya kuoga tu. Hita ya tangi la lita 50 inahitaji karibu uniti 2.4 kuyatoa maji nyuzi 18 hadi 60, halafu inaendelea kupoteza joto usiku kucha ikiachwa imewashwa. Izimwe, na themostati isipandishwe zaidi ya 60.

Ukiamua kuweka hita ya sola, tangi la lita 150 linawatosha watu watatu au wanne. Paneli itazame kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 15 hivi ili mvua ioshe vumbi. Tangi la maji baridi liwe juu kuliko la sola, la sivyo maji hayapandi. Bomba la maji moto liwe PPR, plastiki inayostahimili joto. PVC ya kawaida hulegea kwa joto. Na kosa linalovunja mirija ya kioo kila mara maji ya bomba yanapokatika: tangi linakauka, mirija inachomwa na jua hadi saa saba mchana, maji yanarudi, baridi inaingia ghafla, kioo kinapasuka. Likikauka, funga valvu na ujaze jioni au alfajiri.

Mwisho wa ukurasa huo uwe na taarifa ya fundi mwenye leseni ya EWURA: kwamba ethi imepimwa, kwamba kuna RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampia 30 na kitufe chake cha majaribio kinakata, na kwamba shawa ina waya wake. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampia 24. Inataka waya wa milimita 4 na breka ya 32. Tunaona nyingi zimefungwa kwa waya wa 2.5, hata wa 1.5 wa taa. Waya unapata moto, swichi inayeyuka, na sehemu ya fedha za mpangaji inaishia kupasha moto ukuta.

Tunapanga Sakina, kaya nne kwenye mita moja. Tunachanga sawa lakini uniti zinayeyuka. Kila mtu anamshuku mwenzake. Tufanye nini kabla hatujagombana? — Mpangaji

Kwanza mpime, halafu ndipo mzungumze. Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo nyekundu, na pembeni pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, maana yake taa ikipepesa mara 1,000 uniti moja imekwisha. Wote wawepo. Zimeni kila kitu na kuchomoa plagi zote, friji ikiwemo, lakini mein swichi iache imewashwa. Chukueni simu yenye saa na mhesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na wa pili. Gawanyeni 3,600 kwa sekunde hizo, mtapata wati. (Mita ikiwa ya 1600, gawanyeni 2,250 badala yake.)

Isipopepesa kwa dakika tano, hakuna umeme wa maana unaovuja. Ikipepesa kila baada ya sekunde 36, kuna wati 100 zinaondoka huku mmezima kila kitu. Kwa mwezi ni uniti 72, zaidi ya shilingi 25,000. Hapo shusheni breka moja moja. Ile ambayo ikishuka mpepeso unakoma ndiyo yenye kasoro. Mara nyingi ni koili ya hita iliyotoboka, waya uliolowa ndani ya ukuta wa bafu, au waya wa taa ya nje uliopitishwa chini ya ardhi bila bomba. Mwiteni fundi siku hiyohiyo, kwani umeme unaovuja unaua. Mkizima mein swichi yenyewe na bado taa inapepesa, tatizo liko kati ya mita na swichi, au kuna mtu amejiunganisha. Msiguse lakiri. Hilo ni la TANESCO.

Kisha washeni kifaa kimoja kimoja kwa hesabu ileile. Tazameni taa ya ulinzi kwanza: ya halojeni ya wati 500 ikiwaka kwa saa 12 kila siku inakula uniti 180 kwa mwezi, yaani shilingi 64,000, wakati LED ya wati 30 haifiki 4,000. Mpira wa mlango wa friji upimwe kwa noti: ifungie mlangoni, ukiivuta ikatoka bila ukinzani, mpira umechoka.

Na kuna hasara ambayo si kosa la yeyote kati yenu. Mteja wa tarifu ya D1 anayetumia uniti 75 kushuka chini hulipa shilingi 100 kwa uniti, 122 pamoja na kodi na tozo. Kaya nne za uniti 50 kila moja zikiwa kwenye mita moja ni uniti 200, na mita hiyo inalipa T1, kama shilingi 71,000. Kaya hizohizo zikiwa na mita zake, na TANESCO ikaziweka D1, zingelipa jumla 24,400. Mwombeni mwenye nyumba atenganishe mita. Akikataa, sab-mita (mita ndogo ya ndani) ya kila kaya inamaliza ubishi wa nani katumia nini, ingawa haishushi bei ya uniti.

Kumbukeni pia kwamba kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni deni la mwenye nyumba. Tunzeni risiti, na kiasi hicho mkipunguze kwenye kodi ya pango.

Nyumba yangu ya Soweto, Moshi, inapata wapangaji haraka, lakini ikifika Februari wanalalamika joto na feni tatu usiku kucha. Je, niweke kiyoyozi? — Mzee mwenye nyumba

Hapana, mzee wetu. Anza na bati. Jua la Moshi linaingia kupitia paa kuliko ukuta, na silingi bodi peke yake haizuii sana. Weka foili chini ya bati, iache nafasi ya angalau milimita 25 kati yake na bati, upande unaong'aa ukitazama nafasi hiyo. Fundi akiigandisha kwenye bati, joto linapita moja kwa moja na umelipia urembo. Foili hupitisha umeme, kwa hiyo kabla ya kuiweka, nyaya zote za darini ziingie kwenye bomba na maungio yake kwenye boksi. Waya uliochubuka ukiigusa, paa zima linakuwa hatari.

Toboa matundu ya hewa pande mbili za dari, chini kwenye upenu na juu karibu na kilele, na uyafunge kwa wavu mgumu, maana popo na panya hawachelewi. Bati la zamani lisilo na kutu lipakwe rangi nyeupe ya paa. Baada ya hapo tazama madirisha ya magharibi, yanayopigwa na jua la jioni: upenu mfupi hauyasaidii, bali kipaa cha turubai au mti. Ya kaskazini na kusini hayana shida hiyo.

Nyumba ya Usa River imefungwa tangu 2023. Nataka kuipangisha, lakini mita inakataa tokeni. — Msomaji

Mita za tokeni zilitakiwa kubadilishiwa mfumo kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na yako ilipitwa. Ukinunua umeme unapaswa kupokea makundi matatu ya tarakimu 20. Ingiza la kwanza, kisha la pili, ndipo uingize la tatu lenye uniti. Ukianza na la tatu litakataliwa. Kama ulipokea kundi moja tu, nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita, na uulize papo hapo kama mita ina deni, ili lisije likakatwa kwenye fedha za mpangaji mpya.