Loda inanyanyua, ekseli je?

Fundi, loda yangu, ile mikono ya kunyanyulia ndoo mbele ya trekta, imeandikiwa kilo 700. Kikomo cha ekseli ya mbele (mhimili wa magurudumu) ni kilo 1,300, na trekta likiwa na loda isiyo na ndoo, ekseli hiyo inabeba kilo 700. Mzigo wa kilo 400 hauna shida, sivyo?

Una shida. Ile 700 ya loda ni nguvu ya pampu na silinda tu: mafuta yanaweza kusukuma hadi hapo. Haisemi lolote kuhusu chuma kilicho chini. Tena mzigo haukai juu ya ekseli, unaning'inia mbele yake, kwa hiyo trekta zima linakuwa wenzo na ekseli ya mbele ndiyo egemeo.

Tupige hesabu. Tuseme kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 1.6, na kitovu cha mzigo kiko mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele. Chukua kilo 400, ndoo ikiwemo, zidisha kwa 2.8 (yaani 1.6 jumlisha 1.2) kisha gawanya kwa 1.6. Unapata 700. Yaani umebeba 400, ekseli ya mbele imeongezewa 700, na zile 300 za ziada zimetoka kwenye magurudumu ya nyuma. Jumlisha na 700 za mwanzo: 1,400. Kikomo kimevukwa, na loda haijakaribia mwisho wa uwezo wake.

Dawa ni uzito nyuma. Funga kilo 300 za zege kwenye mikono mitatu ya nyuma ya kufungia zana, mita 0.8 kutoka ekseli ya nyuma, na mbele kutapungua kilo 150. Unarudi 1,250. Kwenye karatasi umepona, lakini hayo ni mahesabu ya trekta lililosimama. Gurudumu likitumbukia shimoni ndoo ikiwa imejaa, ekseli inapigwa na nguvu kubwa kuliko hiyo. Mimi ningebeba 300 na kurudi mara ya pili.

Nimejaza maji matairi ya nyuma. Si yanatosha badala ya zege?

Kwa kuzuia nyuma kuinuka, yanasaidia sana. Kwa kuipunguzia ekseli ya mbele mzigo, hayasaidii kitu. Maji hayo yamekaa juu ya ekseli ya nyuma yenyewe, hayana mkono wa kuvutia chini. Uzito lazima uwe nyuma ya ekseli ndipo mbele kupate nafuu. Ukiweza, weka vyote viwili.

Loda mbili zinafanana kwa macho, moja imeandikiwa uwezo mkubwa zaidi. Wananidanganya?

Huenda hawakupima mahali pamoja. Wengine hupima kwenye pini inayoshika ndoo, bila ndoo. Wengine milimita 500 mbele ya pini, na hapo namba hushuka. Angalia pia kimo: loda nyingi hunyanyua uzito mdogo zaidi zikifika juu kabisa kuliko zikiwa katikati. Ukitoa ndoo ukafunga uma za kubebea paleti, kitovu cha mzigo kinasogea mbele zaidi, na ekseli inaumia zaidi kwa kilo zilezile.

Kuna fundi anataka kuniongezea presha ya haidroli (mafuta yanayosukuma silinda) ili loda inyanyue zaidi. Nikubali?

Hapana. Valvu ya usalama ndiyo inayoiambia loda "basi". Ukiikaza, utapata nguvu ya kuvunja gia na beringi za ekseli ambayo jana hukuwa nayo. (Fundi huyo muulize kama yuko tayari kulipia ekseli mpya.)

Kwa nini trekta linayumba nikiinua ndoo, hata kwenye mteremko mdogo?

Ekseli ya mbele inacheza juu ya pini moja ya katikati. Kwa hiyo trekta halisimami kwenye pembe nne. Limesimama kwenye pembetatu ya magurudumu mawili ya nyuma na ile pini. Tembea ndoo ikiwa chini, karibu na ardhi. Pia matrekta mengi madogo yana breki kwenye magurudumu ya nyuma tu: nyuma kukiwa kwepesi, kwenye mteremko unakanyaga breki na trekta halishiki.

Nitajuaje uzito halisi wa ekseli yangu?

Peleka trekta kwenye mizani ya magari. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, ndoo ikiwa na mzigo wako wa kawaida na uzito wa nyuma ukiwa umefungwa. Linganisha na kikomo cha ekseli, halafu na kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi mara mbili, kwa kuwa matairi ni mawili. Kilicho kidogo ndicho kikomo chako. Wakati huohuo pima upepo, maana uwezo wa tairi unategemea presha.